Maneno ya Dada

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku aliwasha mkaa wa pasi, akafagia chumba cha mbele na kufungua mlango wa duka. Mama yake alikuwa dobi. Chumba cha mbele kilikuwa na meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu la kupigia pasi, na juu yake mashati ya watu yalining'inia kwenye kamba kama watu wasio na vichwa. Uani kulikuwa na mabeseni, sabuni za mche na kamba za kuanikia zilizovuka kutoka ukuta huu hadi ule.

Jina la Chiriku alipewa na majirani. Walisema tangu mtoto huyu ajue kusema "maji", kinywa chake hakijawahi kupumzika. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na kazi aliyoipenda kuliko zote haikuwa ya pasi wala ya ufagio. Ilikuwa ya kuwa mdomo wa dada yake.

Dada yake alikuwa kiziwi. Alipokuwa mtoto mchanga aliugua homa kali, na ilipopoa iliondoka na masikio yake. Chiriku alizaliwa akamkuta anazungumza kwa mikono, naye akajifunza kama vile watoto wengine wanavyojifunza kutembea. Mteja akija na nguo yenye doa, alimwambia Chiriku, "Hebu muulize dada yako kama hili litatoka." Chiriku aliuliza kwa mikono, dada akaligeuza doa kwenye mwanga, akajibu. Chiriku naye hakukosa kutia chumvi.

"Litatoka," alisema siku moja. "Lakini anasema ukila mchuzi, vua shati kwanza."

Mteja akacheka hadi akashika mbavu. Dada akauliza kwa mikono, "Anacheka nini?"

"Hakuna kitu," Chiriku akajibu.

Mambo yalibadilika dada alipojiunga na chuo cha viziwi upande wa pili wa mji. Mwaka wa kwanza alirudi nyumbani kila jioni na kumsimulia mdogo wake kila kitu. Mwaka wa pili alianza kuja na rafiki zake. Walikaa uani juu ya mabeseni yaliyofunikwa, mikono yao ikienda mbio hata Chiriku hakuweza kuifuata. Alama walizotumia zilikuwa nyingine kabisa, si zile za nyumbani za sabuni, chai na nenda-rudi. Wakicheka, Chiriku aliuliza, "Mnacheka nini?"

"Hakuna kitu," dada alimjibu. "Nitakuambia baadaye."

Hiyo baadaye haikufika. Chiriku alihisi kitu kimemkwama kooni kama mwiba wa samaki. Akajiona mgeni katika nyumba aliyozaliwa.

Kisha dada akachaguliwa kuwa kiongozi wa wanafunzi wa chuo kizima, na hapo ndipo Chiriku alipomwona mkalimani. Alikuwa mwanamke kijana aliyevaa shati jeusi siku zote ili mikono yake ionekane vizuri. Dada alipozungumza na watu wanaosikia, mkalimani ndiye aliyetoa sauti. Siku mkalimani alipoleta lile shati dukani lifuliwe, Chiriku alilitia wanga mpaka likasimama lenyewe kama mlango.

"We mtoto," mama alisema, akiligonga shati kwa kidole, "hili ni shati au bati?"

"Mkono umeteleza, mama."

Mama akamtazama, akatikisa kichwa, akalirudisha shati ndani ya beseni.

Muhula ule, mkuu wa chuo alistaafu. Wanafunzi walikuwa na neno moja tu: safari hii mkuu awe kiziwi. Chuo kilikuwa cha viziwi tangu kilipojengwa, lakini hakijawahi kuongozwa na kiziwi hata siku moja. Na mtu wa kukiongoza alikuwepo. Mwalimu wa hesabu, mama mmoja mrefu mwenye miwani, alikuwa kiziwi tangu utotoni, msomi wa shahada za juu, na alikuwa amefundisha pale tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Aliomba kazi ile. Baraza la chuo, ambalo wajumbe wake wote walikuwa watu wanaosikia, likamchagua bwana mmoja kutoka mbali. Bwana huyo alisifika kwa kusimamia vyuo, ila hakujua hata kumwambia kiziwi "habari za asubuhi" kwa mikono.

"Kiziwi atapokeaje simu ya ofisini?" mjumbe mmoja wa baraza aliuliza. Maneno hayo yakawafikia wanafunzi kabla ya jua kuzama. Kesho yake walifunga geti la chuo, wakakaa chini mbele yake. Kwenye shuka nyeupe waliandika kwa rangi: KITANDA USICHOKILALIA HUJUI KUNGUNI WAKE.

Shuka ile ilitoka kwa dobi. Mama ndiye aliyewapa.

Alasiri moja Chiriku na mama yake waliwapelekea wanafunzi mablanketi safi. Dada alikuwa amesimama juu ya ngazi, mikono juu, na umati mzima ukimtazama bila kupepesa. Hakuna aliyekohoa. Kando yake mkalimani alikuwa akiwaambia waandishi wa habari kwa sauti iliyotulia: "Hatumchukii bwana aliyechaguliwa. Tunachosema ni kwamba tumechoka kuamuliwa kila kitu na watu wasioweza kuzungumza nasi. Mtu mzima hashikwi mkono kuvushwa barabara ambayo anaijua."

Mama alifuta machozi kwa ncha ya kanga. "Mwanangu huyo," alimwambia mtu aliyesimama kando yake, ambaye wala hakuuliza. "Yule pale juu, mwanangu huyo!"

Macho ya Chiriku hayakuwa kwa dada. Alikuwa akimtazama mkalimani. "Ile ni sauti yangu," aliwaza. "Ameninyang'anya." Njia nzima ya kurudi nyumbani alipiga teke kila jiwe alilokutana nalo.

Siku iliyofuata dada alikuja nyumbani kuoga na kubadili nguo. Mama alikuwa amekwenda kupeleka sare za hospitali. Chiriku alikuwa mezani na pasi, mara mlango ukazibwa na mtu mnene aliyevaa koti. Alikuwa mwenyekiti wa baraza la chuo. Yeye pia alikuwa mteja wao na alikuja kuchukua suti zake.

"Shikamoo, mzee," alisema Chiriku.

"Marahaba. Mama yuko?" Kabla hajajibiwa, macho yake yakamwangukia dada, aliyekuwa akitokea uani na taulo begani. Mwenyekiti akasahau suti. "Aa! Huyu ndiye kiongozi wao. Bora nimemkuta. Mtoto, wewe si unajua lugha yake? Mwambie hivi: baraza halitaki ugomvi. Geti lifunguliwe, tuzungumze. Anasemaje?"

Chiriku alihisi moyo wake ukipanda. Siku nyingi hakuwa ameombwa. Akaweka pasi pembeni, akamfikishia dada maneno yale sawasawa.

Dada alifikiri kidogo. Kisha akasema kwa mikono, taratibu, "Jambo hili ni kubwa. Mwambie asubiri kidogo nimwite mkalimani wetu."

Mkalimani wetu! Chiriku aliganda.

"Mimi nipo," alijibu kwa mikono.

"Najua upo. Lakini haya si ya madoa, mdogo wangu."

Mwenyekiti alitazama saa yake. "Anasemaje? Nina haraka."

Dada alipomwona mwenyekiti amegeuka kutaka kuondoka, akaamua kujibu hapo hapo. Mikono yake ilikwenda polepole ili mdogo wake asipotee. "Mwambie tuko tayari kuzungumza hata leo. Baraza lije ukumbini, likae mbele ya wanafunzi wote, na geti tutalifungua wenyewe. Tunaomba mkuu anayeweza kuzungumza nasi, na tunaomba viziwi nao wawe na viti ndani ya baraza."

Chiriku alielewa kila neno. Lakini ule mwiba ulikuwa bado kooni, na neno "madoa" lilikuwa limeusukuma ndani zaidi. Akafungua kinywa.

"Anasema geti hawafungui," alisema. "Anasema na nyinyi hana la kuzungumza."

Uso wa mwenyekiti ulikunjamana. "Ndivyo alivyosema?"

"Ndivyo."

"Basi! Kama ni ubishi, na sisi tutabisha." Akanyakua suti zake na kutoka.

Dada akauliza kwa mikono, "Amekubali?"

"Amesema atafikiri," Chiriku akajibu. Alipogeukia meza, pasi ilikuwa imeanza kuunguza blanketi, na moshi ukipanda. Akainyanyua haraka.

Asubuhi tangazo lilisomwa redioni na kubandikwa getini. Kwa kuwa kiongozi wa wanafunzi amekataa mazungumzo, chuo kitafungwa ifikapo mchana, na kila mwanafunzi arudi kwao. Wengi walikuwa wametoka mbali. Wengine walikuwa wamehangaika miaka mingi kupata nafasi ile, na huko walikotoka hapakuwa na mtu hata mmoja wa kuzungumza naye. Walimzunguka dada wakiwa wamewaka hasira. Nani amekupa ruhusa ya kukataa? Tulikuchagua utusemee au utuzike?

Dada alifika nyumbani macho mekundu. Mama aliacha beseni na kuja mbio, povu likimdondoka viwikoni.

"Mwenyekiti ametuzulia," dada alisema kwa mikono, na alama zilikuwa kubwa na za ghafla. "Nilimwambia waje. Nitasimama mbele ya waandishi niseme kwamba yule mzee ni mwongo!"

Mama hakujua lugha ya alama vizuri kama Chiriku, lakini hilo alilielewa. Akamgeukia binti yake mdogo. "Wewe ndiye uliyekuwepo. Ulimwambia nini mwenyekiti?"

"Alichosema dada," alijibu Chiriku. Sauti yake ilitoka nyembamba kama uzi.

Dada alikaa kwenye kigoda. Alikunja uso, akaanza kurudia maneno yake mwenyewe kwa mikono, polepole, kama mtu anayetafuta kosa kwenye hesabu. Tuko tayari. Hata leo. Baraza lije. Akakatiza katikati, akaanza tena. Kisha akamtazama mdogo wake. "Labda nilikosea mimi? Labda nilifanya alama vibaya, hukunielewa?"

Kama dada angemkaripia, Chiriku angeweza kuvumilia. Lakini dada alikuwa akijilaumu mwenyewe.

"Hukukosea," Chiriku alisema kwa mikono. "Nilikuelewa. Nilibadilisha."

Akamweleza yote. Dada hakumpiga wala hakulia. Alitia mikono yake ndani ya mifuko ya sketi na kugeukia ukuta. Kwa mtu anayezungumza kwa mikono, hakuna mlango unaofungwa kwa nguvu kuliko huo.

Mama alipoelewa, alijifunga kanga vizuri kiunoni. Kisha akajifuta povu. "Haya, vaa viatu," alimwambia Chiriku. "Ulimi hauna mfupa, lakini una miguu. Maneno yako yameshafika chuoni. Twende tukayafuate."

Walipofika, dada akiwa nyuma yao, getini palikuwa pamejaa. Wanafunzi walikuwa wakifunga mabegi, baadhi wakisaidiana, baadhi wamekaa tu. Mwenyekiti alisimama upande wa pili na wajumbe wawili wa baraza. Mwalimu wa hesabu alikuwa mbele yake akimwomba asubiri, na mkalimani akimsemea. Mama alimsukuma Chiriku mbele kwa kiganja mgongoni, si kwa nguvu, lakini bila kumpa nafasi ya kurudi.

"Mzee," alisema Chiriku, "dada hakukataa. Mimi nilisema uongo."

Mkalimani aliinua mikono. Chiriku alishtuka. Hakuwa amefikiri kwamba maneno yake yangefasiriwa, na kwamba umati wote ungeyasoma. Alipokwama, mkalimani naye alisubiri. Alipoeleza alichosema dada na alichosema yeye, mkalimani alifikisha yote mawili. Chiriku alitamani apunguze makali kidogo tu, aseme labda mtoto alichanganyikiwa. Mkalimani hakupunguza, wala hakuongeza hata chembe.

"Kwa nini ulifanya hivyo?" mwenyekiti aliuliza.

Chiriku alitazama chini. "Nilimwonea wivu mkalimani. Na dada pia. Zamani alikuwa akinihitaji mimi."

Mikono ya mkalimani ilisita kidogo, kisha ikasema hilo nalo. Hakuna aliyecheka.

Mwenyekiti alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Nimekaribia kufunga chuo," alisema polepole, "kwa neno la mtoto wa shule ya msingi."

Mwalimu wa hesabu alisogea. "Mheshimiwa," alisema kwa mikono, na mkalimani akatoa sauti, "mmesema kiziwi hawezi kuongoza kwa sababu lazima awe na mkalimani. Jana pale dukani, aliyekuwa hawezi kuzungumza bila mkalimani alikuwa nani?"

Mwenyekiti aligeukia umati. Alitazama zile nyuso zote zilizomtazama. Hatimaye akasema, "Fungueni ukumbi. Baraza litakaa huko."

Kikao hakikuwa chepesi. Mjumbe mmoja alitoka nje kwa hasira, akarudi, akatoka tena. Dada aliitwa mbele, na safari hii alisema mwenyewe yote aliyotaka kusema. Wanafunzi waliomkasirikia asubuhi walimnyanyulia mikono na kuitikisa hewani, ambayo ndiyo makofi ya viziwi. Kilichomaliza ubishi ni yule bwana aliyechaguliwa, ambaye alikuwa ameitwa kikaoni na kuketi kati ya wanafunzi. Aliomba nafasi akasema, "Nimekaa hapa tangu tuanze, sijaweza hata kumwomba jirani yangu maji. Siwezi kuwaongoza watu nisioweza kuwaomba maji. Najitoa."

Kabla wiki haijaisha, mwalimu wa hesabu aliteuliwa kuwa mkuu wa chuo, na baraza likakubali kwamba kila kiti kitakachoachwa wazi kijazwe na kiziwi mpaka wawe wengi kuliko wengine. Madarasa yalifunguliwa. Ila nyumbani kwa dobi, dada aliendelea kumpita Chiriku kama anavyopita meza. Alimwonyesha kwa kidole nguo za kukunja, basi. Chiriku alikunja. Aliomba radhi, akaomba tena, na jibu likawa lile lile: mikono mifukoni. "Mpe muda," mama alimwambia. "Nguo iliyoungua haipigwi pasi siku hiyo hiyo."

Mkuu mpya alianzisha darasa la Jumamosi kwa watu wanaosikia. Chiriku alikwenda bila kuambiwa na mtu. Alidhani ataketi mbele na kuonyesha ufundi wake, kumbe alama zake nyingi zilikuwa za nyumbani tu, na zilizobaki alizifanya ovyo. Alikaa benchi moja na mwenyekiti wa baraza, ambaye vidole vyake vinene vilikataa kabisa kutii. Mzee huyo alijaribu kusema "habari za asubuhi" akasema kitu kilichowafanya wanafunzi wote wa chuo waliokuwa dirishani waanguke kwa kicheko. Mwenyekiti naye akacheka. Mwalimu wa darasa lile alikuwa dada.

Darasa lilipokwisha, mkuu wa chuo alimwita Chiriku. Alizungumza kwa mikono, taratibu, na hakukuwa na mkalimani.

"Umeona jinsi uongo wa maneno mawili ulivyotaka kuwarudisha watu wazima makwao?" alisema. "Miaka mingi watu wametusemea. Wengine walituonea, wengine walitupenda kama wewe unavyompenda dada yako. Lakini wote walisahau jambo moja: maneno ya mtu ni mali yake. Ukipewa uyabebe, yafikishe kama ulivyoyapokea. Na wivu, mwanangu, usiufiche mpaka uoze. Ungemwambia dada yako siku ya kwanza kwamba umeumia, tusingefika getini. Umesema ukweli mbele ya watu, na si kazi ndogo hiyo. Sasa endelea hivyo hivyo."

"Naweza kuwa mkalimani nikiwa mkubwa?" aliuliza Chiriku.

"Unaweza. Lakini itabidi ujifunze kunyamaza kwanza," alijibu mkuu, na macho yake yalikuwa yanacheka.

Dada alikuwa akifuta ubao. Alipomaliza, alitia mikono mifukoni, akasogea, akasimama mbele ya mdogo wake, akautoa mkono mmoja mfukoni, kisha wa pili.

"Bado nina hasira kidogo," alisema.

"Najua," Chiriku akajibu.

"Ulifikiri nimepata mtu mwingine badala yako." Dada alimvuta karibu, akamrekebisha vidole alivyokuwa amevikunja vibaya, kisha akaendelea. "Wakalimani nitapata wengi. Mdogo wangu ni mmoja. Twende nyumbani, kuna mengi ya rafiki zangu sijakusimulia."